Neno lina mwenyewe

Mzazi wa Ng'ambo aliyeiona Rush Hour ujanani, ilipotoka mwaka 1998, huenda leo anataka kuwaonesha wanawe. Jackie Chan na Chris Tucker, polisi wawili wasiopatana wanaomtafuta mtoto aliyetekwa, bado wanachekesha.

Ila kuna pahala pa kusita. Ndani ya baa, polisi wa Hong Kong anarudia salamu aliyoisikia kwa mwenzake, na ngumi zinaanza. Neno ambalo Wamarekani Weusi huitana wenyewe kwa wenyewe, likitoka kwa mgeni huwa tusi. Hakukusudia ubaya, aliiga tu.

Ndivyo afanyavyo mtoto. Mzazi asimamishe picha hapo, amueleze. Kisha naye achunge ulimi: alisemalo barazani leo, kesho litasikika chuoni.