Mafundi wa tovuti, mnamjengea nani?

Leo naomba niwachokoze rafiki zangu mnaotengeneza tovuti hapa Morogoro. Najua mtanuna. Nuneni tu, ila mkimaliza mnijibu: hivi mnamjengea nani?

Juzi nilikuwa natafuta namba ya simu ya kampuni moja inayopandisha wageni Milima ya Uluguru. Namba tu, jamani! Nikafungua tovuti yao kwa simu. Picha ya maporomoko ikaanza kushuka kidogo kidogo, ikafuata video inayojicheza yenyewe, kisha kiduara kikazunguka weee mpaka bando likakata.

Miaka ya 2000 mtu alikwenda intaneti kafe, akalipia nusu saa, akakaa mbele ya kompyuta. Siku hizi anafungua mtandao kwenye daladala ya Kihonda kwa bando la siku. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro Juni 2024, mgeni anaweza kutafuta gesti kabla hajashuka. Muuza mboga wa Nyandira kule Mgeta hana haja ya kompyuta, simu inamtosha. Watumiaji wamehama zamani. Ninyi bado mko kafe.

Tupige hesabu. Picha moja ya kamera ya kisasa inaweza kufika MB 5. Ukiweka tano kama zilivyo, ukurasa una MB 25. Mwenye GB 1 akifungua kurasa 40 za namna hiyo, kwisha habari yake. Mnakumbuka Aprili 2021 vifurushi vilipopanda bei? Watu walipiga kelele hadi serikali ikasitisha bei mpya. Hao ndio wasomaji wenu! Picha ileile ukiipunguza upana utoshe kioo cha simu, inaweza kushuka chini ya KB 200, na kazi yenyewe ni ya dakika moja.

Mbona hamuifanyi? Nadhani nalijua jibu. Mteja anaoneshwa kazi kwenye laptop, ofisini, kwa Wi-Fi. Anaona mambo yanateleza, anafurahi, analipa. Anayeteseka hakuitwa kikaoni.

Mimi ukurasa unaonifurahisha ni ule wa matokeo wa NECTA. Urembo hauna hata chembe. Unabofya jina la shule, unakuta namba ya mtahiniwa, divisheni na masomo, maandishi matupu ndani ya jedwali. Simu ya bei chee inaufungua. Fundi wetu wa mjini angeuona angecheka, halafu angeubandika video juu.

Wapo watakaonijibu kwamba tovuti imeshakufa, wateja wote wako Instagram na WhatsApp. Sawa, na baadhi yao mmewafukuza wenyewe. Lakini kule ni kwa watu. Mei 2025 X ilipofungiwa hapa nchini, aliyeweka biashara yake yote humo alifungiwa duka na mtu asiyemjua. Tovuti nyepesi, yenye namba ya simu juu kabisa, bei na ramani, bado ina kazi yake. Na ninyi bado mna ajira, mkitaka.

Kwa hiyo Jumamosi hii zimeni Wi-Fi, nunueni bando dogo kama sisi wengine, mpande mpaka Morningside. Mkifika, fungueni kazi zenu wenyewe. Nangoja majibu.