Gridi ya Kompyuta na Mgawanyo wa Kazi

Wapo wengi, hata miongoni mwa wasomi, waaminio kwamba nchi isiyo na kompyuta kubwa haina nafasi katika utafiti wa kisasa. Imani hiyo yafaa ipimwe upya.

Katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, umo mtambo wa kugonganisha chembe za maada, wenye njia ya mviringo ya kilometa 27. Mafungu ya protoni hupishana humo mara milioni 40 hivi kila sekunde. Hata baada ya vifaa kuchuja na kutupa sehemu kubwa mno ya habari hizo, zinazobaki haziwezi kumalizwa na jumba moja la kompyuta. Kwa hiyo kazi hugawanywa miongoni mwa vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ilitambuliwa kwa msaada wa mpango huo.

Mpango wa namna hiyo huitwa gridi, jina lililoazimwa kutoka gridi ya umeme: mwenye kuwasha taa haulizi umeme wake umetoka bwawa gani. Mfano huo ni mzuri, lakini waficha jambo moja. Umeme ni ule ule popote utumikapo, hesabu sivyo. Mgongano mmoja wa protoni waweza kuchunguzwa bila kuujua mwingine, ndiyo maana kazi ya CERN hukatika vipande kwa urahisi. Utabiri wa hali ya hewa haukatiki hivyo. Upepo wa eneo moja hutegemea kanieneo ya hewa ya eneo jirani, na vituo vilivyo mbalimbali vingetumia muda mwingi zaidi kungojana kuliko kukokotoa.

Kwa Afrika, mfano wenye uzito zaidi ni ule wa malaria. Mradi wa MalariaControl.net, uliokoma mwaka 2016, ulitumia kompyuta za watu waliojitolea, wakati zilipokuwa hazina kazi, kukokotoa jinsi ugonjwa huo uneneavyo na jinsi uwezavyo kupunguzwa. Wagonjwa wengi walikuwa Afrika. Wenye kompyuta wengi walikuwa kwingineko.

Husemwa kwamba dawa ni kununua mashine. Lakini mashine zimo katika shule kadha wa kadha za sekondari, zimefunikwa vitambaa tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Kinachopungua ni umeme usiokatika, mtandao wenye kasi na, zaidi ya yote, watu waliozoea kulitazama tatizo na kuuliza lakatika wapi. Somo hilo halihitaji hata kompyuta. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi 40 kazi ya kutafuta namba tasa zilizo chini ya 4,000, kila mmoja akipewa fungu lake la namba 100. Kisha awape kazi ya kutafuta namba ya 40 katika mfululizo usio na kanuni ya mkato, ambao kila namba hutokana na ile iliyoitangulia. Kazi ya kwanza yaweza kwisha katika kipindi kimoja. Ya pili itafanywa na mwanafunzi mmoja, na 39 watakaa wakimtazama.