Kipya Kinyemi: Pampu za Kwale na Programu Zetu

Leo nataka kuzungumzia pampu ya maji. Najua wengi wenu mwapenda habari za kompyuta na simu, lakini nivumilieni kidogo. Kuna jambo ambalo sisi waandishi wa programu tungelijifunza zamani, lau tungewauliza watu wa Diani na Msambweni.

Ukitoka Likoni ukapita Tiwi na Ukunda, kisha ukaacha lami na kuingia vijijini, hutakosa kuiona: pampu ya chuma yenye mpini mrefu, imesimama juu ya sakafu ya saruji, na madumu ya njano yamepangwa foleni. Inaitwa Afridev. Wengi hudhani ni kitu kilichobuniwa Ulaya kikaletwa huku tayari. Kumbe sivyo. Katika miaka ya 1980, pampu hii ilitengenezwa na kujaribiwa katika nchi za Afrika yenyewe, Malawi na Kenya, na huku kwetu uwanja wa majaribio ulikuwa Kwale, katika mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, UNDP na Sweden.

Shida waliyotaka kuitatua ni hii. Pampu za zamani zilipoharibika, ilibidi kungoja gari la idara ya maji lije na mafundi na vyuma vya kuinulia mabomba. Kwa hiyo wakabuni pampu inayofunguka kwa spana moja. Pistoni yake unaivuta juu bila kung'oa bomba lote kisimani. Kina mama wa vijijini, ambao ndio wachotaji maji, walifunzwa kuitengeneza wenyewe. Na michoro yake haikufungiwa na hataza yoyote: kiwanda chochote duniani kinaruhusiwa kuiunda.

Hiyo ni programu huria, jamani, ila ya chuma! Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Wakati huo huo wa miaka ya 80, watu wa Kwale walikuwa kwenye visima wakijaribu fikra ile ile: kitu unachokitumia, uwe na uwezo wa kukifungua na kukitengeneza.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo haisimuliwi sana. Pamoja na ubora wote huo, pampu ziliendelea kuharibika na kukaa hivyo. Kamati ya maji ilikuwa ya kujitolea. Mwaka wa kwanza watu walichanga. Mwaka wa tatu aliyefunzwa kaolewa kijiji kingine, mweka hazina kachoka kudai watu, na kipuri cha bei ndogo hakipatikani karibu. Pampu ilikuwa rahisi kutengeneza, lakini kuitengeneza haikuwa kazi ya mtu yeyote. Urahisi haufungui nati.

Baadaye wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na kifaa cha kuwekwa ndani ya mpini. Ndani yake mna kihisi mwendo, kama kile kinachojua umegeuza simu yako, kinahesabu mpini umepanda na kushuka mara ngapi kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mpini ukinyamaza, ofisini wanajua. Jaribio la mwanzo lilifanywa Kyuso, Kitui, mwaka 2012 na 2013. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3.

Mtu wa teknolojia akisikia hivyo, moyo wadunda. Kihisi! Data! Lakini tulia. Kihisi hakina mikono. Kilichopunguza siku ni fundi mwenye pikipiki, mwenye vipuri kwenye begi, anayelipwa mshahara ili aende. Ndiyo maana baada ya jaribio kilichobaki Kitui na Kwale ni kampuni ya matengenezo, iitwayo FundiFix: kijiji kinalipa ada ya kila mwezi, na pampu ikiharibika fundi anafika katika siku chache. Kihisi kilimwambia tu wapi pa kwenda.

Nami sina haki ya kuwacheka wengine, maana nimefanya kosa hilo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilikiandikia chama kimoja cha akiba cha kina mama, upande wa kusini mwa Ukunda, programu ya kuweka hesabu za michango. Mfadhili alilipia uandishi, tukafanya uzinduzi, fulana zikagawiwa, picha zikapigwa. Nikarudi kwenye kazi nyingine. Siku moja nikakutana na mweka hazina sokoni.

"Mwanangu, ile mashine yako imelala."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Ramadhani. Tumerudia daftari."

Na siku hiyo tulikuwa tumekaribia Maulidi. Nusu mwaka nzima! Nikamuuliza mbona hakunipigia simu.

"Nikupigie vipi, mwanangu? Si ulituambia umemaliza?"

Neno hilo bado lanisumbua. Nilipokwenda kuangalia, ubovu ulikuwa mdogo: malipo ya huduma ya SMS yalikwisha muda na hakuna aliyepewa jukumu la kuyalipa. Ni kama kile kipuri cha bei ndogo. Bajeti ilikuwa na fungu la fulana, lakini haikuwa na fungu la mwaka wa pili.

Wala msidhani haya ni mambo ya wanyonge tu. Mwezi wa nne mwaka 2014 dunia nzima ilishtuka kwa kasoro iliyoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda siri za tovuti nyingi mno, zikiwemo za makampuni tajiri. Ikajulikana kwamba waliokuwa wakiitunza ni watu wachache kabisa, na michango waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Kila mtu alichota maji kwenye kisima hicho, na hakuna aliyekumbuka ada ya fundi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tumeugeuza msemo huu kuwa sera. Kuna mashindano ya kubuni programu kwa siku mbili na zawadi juu. Hujaona shindano la kutunza programu kwa miaka mitano. Kiongozi atakata utepe wa kisima kipya, lakini nani atakata utepe wa mpira wa pistoni uliobadilishwa? Na vijana wetu wameelewa somo hilo: kila anayejifunza kompyuta anataka kuwa mwanzilishi, hakuna anayetaka kuwa fundi.

Nasema hivi sasa kwa sababu mashine zenye akili bandia zimeanza kuandika programu mpya kwa dakika chache. Kuanzisha kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote, kwa hiyo vitu vya kuharibika vitaongezeka maradufu. Lakini kujua kwamba mama wa chama hiki hasomi ujumbe wa Kiingereza, kwamba mtandao wa kijiji kile hupotea jioni, kwamba tarakimu hii imekosewa kwa sababu mtu fulani alikuwa msibani, hayo yanahitaji mtu aliye karibu. Hiyo ni kazi ambayo kijana wa Msambweni anaweza kuifanya bila kuhamia Nairobi, mradi tukubali kumlipa.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Sichukui tena kazi ambayo mkataba wake hautaji nani ataitunza programu baada ya mimi kuondoka, na atalipwa na nani. Nimeshapoteza wateja wawili kwa sharti hilo, na nyumbani wameniuliza kama nina akili timamu. Ningependa kaunti na wafadhili waweke sharti hilo hilo: kabla ya kusaini, waulize jina la fundi, si jina la programu tu.

Ile programu ya kina mama niliifufua. Safari hii tulikubaliana kila mwanachama atoe kidogo kila mwezi, na binti wa mmoja wao, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani, ndiye anayelipwa kuiangalia. Mwezi uliopita ilikwama tena. Nilikuja kujua baadaye, alipokuwa ameshaitengeneza.