Mita Sitini za Nani?

Mwaka jana wakazi wa mtaa mmoja wa mwambaoni, hapa Mwanza, waliniomba nishuhudie nyumba zao zikipimwa. Kijana aliyetumwa hakuja na kamba wala darubini ya upimaji. Alitoa simu mfukoni, akasimama ukingoni mwa maji, akanakili namba. Akapanda hadi kwenye ukuta wa mama mmoja muuza dagaa, akanakili nyingine. Hesabu ikatoa mita 56. Ukuta ukapigwa X nyekundu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Sheria hiyo naiunga mkono, tena kwa dhati. Aliyeona taka zinavyoingia Ziwa Viktoria hawezi kuibeza. Ugomvi wangu ni na ile 56.

Simu hukadiria mahali ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio yametumia kusafiri kutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu. Ukikosea muda huo kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Penye uwazi, simu ya kawaida hukosea mita tano hivi. Lakini Mwanza ni jiji la majabali: mawimbi hugonga mwamba au bati, yakaifikia simu yakiwa yamezunguka, nayo ikadhani setilaiti iko mbali zaidi. Tena tuko jirani na ikweta, ambako tabaka la juu la angahewa huchafuka baada ya jua kuzama na kuyayumbisha mawimbi hayo, saa zilezile wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao ziwani. Sasa chukua vipimo viwili vya namna hiyo, utoe kimoja kwenye kingine. Tofauti ya mita nne haina maana yoyote.

Kuna kosa baya zaidi, ambalo halitokani na anga. Ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo wa kimataifa wa WGS84. Namba zilezile za latitudo na longitudo, zikisomwa kwa mifumo hiyo miwili, huangukia sehemu zilizoachana kwa takriban mita 300. Ofisa asiyeuliza namba zake ni za mfumo gani anaweza kuihamishia nyumba majini akiwa kitini pake.

Na ufukwe wenyewe uko wapi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda hata kuipita rekodi ya 1964. Kwenye mteremko mdogo, maji yakipanda mita moja humeza makumi ya mita za nchi kavu. Yule mama hakulifuata ziwa. Ziwa ndilo lililomfuata.

Vifaa vya kupima kwa usahihi wa sentimita vipo nchini, na wapimaji wenye taaluma hiyo wapo. Kinachotakiwa kabla ya rangi nyekundu ni ripoti iliyosainiwa, inayotaja kifaa, mfumo wa ramani, tarehe, kina cha ziwa siku hiyo na kiwango cha kosa, na mwenye nyumba apewe nakala.

Mama yule aliniuliza, “Mwalimu, simu kama ile hata mwanangu anayo. Akipima yeye akapata 63, wataifuta?” Nilimwambia aiandike hoja hiyo katika barua yake ya pingamizi, na ameiandika. Msomaji aliyewahi kupewa ripoti ya namna hiyo katika mtaa wake aniletee nakala. Mimi sijaiona hata moja.