Haki ya Kujihami Ina Mpaka Wake

Jambazi akivunja mlango usiku wa manane, panga mkononi, mwenye nyumba hana wajibu wa kumsubiri polisi ndipo aokoe watoto wake. Hilo halina ubishi. Lakini wako wengi miongoni mwetu, na baadhi yao ni watumishi wa umma waliosoma, wanaoamini kwamba mtu akishaitwa mwizi damu yake imekuwa halali. Hilo ni kosa, nalo laweza kumfikisha mtu mwema kizimbani.

Sheria yetu inasemaje? Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kama zilivyorekebishwa mwaka 1980, zinampa kila mtu haki ya kujihami, kumhami mwenziwe na kulinda mali, iwe yake, ya Serikali, ya shirika la umma, ya ushirika au ya kijiji. Haki hiyo yaweza kufika hata kwenye kuua, pale ambapo mtu anaamini kwa nia njema, tena kwa sababu za maana, kwamba asipofanya hivyo yeye au mwingine atauawa, ataumizwa vibaya, atabakwa au atatekwa nyara. Na vilevile anapokabiliwa na unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba usiku au uchomaji moto.

Lakini sheria hiyohiyo imeweka mpaka. Nguvu inayoruhusiwa ni ile ya kadiri, inayotosha kuizuia hatari iliyopo. Anayeua kwa nguvu iliyozidi ana hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Na anayeua pasipo hatari yoyote, kwa kisasi tu, anajiweka katika shitaka la mauaji ya kukusudia, ambalo adhabu yake kisheria ni kifo.

Tuchukue mfano. Mwalimu anaamshwa na kishindo. Kijana mwenye panga amekwisha kuingia sebuleni. Mwalimu anampiga kwa mchi. Kijana anaanguka, panga linamtoka. Hata akifa kwa pigo lile, mwalimu ana utetezi wa nguvu. Sasa majirani wanafika. Kijana anafungwa kamba na kuburutwa nje, na mwalimu yuleyule anamwongeza pigo la pili na la tatu, mpaka anakata roho. Je, pigo la pili lilikuwa likimhami nani? Watoto walikwisha kuwa salama. Iliyobaki ilikuwa hasira, na hasira si kujihami.

Majirani nao wasidhani kwamba umati ni pazia. Watu wanaoshirikiana kwa nia moja kutenda kosa, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda, pamoja na yule aliyeleta mafuta ya taa.

Wapo watakaosema: polisi wako mbali, na mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho tunamwona mtaani. Malalamiko haya si ya kupuuzwa. Wizi wa mifugo uliokithiri ndio uliowafanya wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waunde Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye dhamana ya upelelezi na mahakama wana wajibu wa kuyajibu kwa vitendo. Hata hivyo, udhaifu wa kituo cha polisi haumvishi mwananchi joho la jaji. Umati hukosea, na maiti haikati rufaa. Ndiyo maana Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 ikampa raia uwezo wa kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, ikamtaka pia amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Hapa walimu na watumishi wana kazi maalumu. Yowe la mwizi linapopigwa, wao ni miongoni mwa watu wanaosikilizwa mtaani, na watoto wa shule husimama kando wakitazama. Mtoto aliyemwona mwalimu wake akimrushia jiwe mtu aliyefungwa kamba, ataambiwa nini darasani juu ya haki? Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilitamka udugu wa binadamu wote, haikumtoa mwizi.

Basi tulinde nyumba zetu na mali ya umma bila woga. Lakini mhalifu akishafungwa kamba, kazi yetu imekwisha. Iliyobaki ni ya mahakama.