Neema Haifuti Kidonge



Katika mikesha ya maombi tumezoea ushuhuda wa namna hii: "Nilikuwa na presha, nikaombewa, sasa nimeacha dawa." Waamini hupiga makofi. Sisi tunauliza: je, presha imepimwa?

Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 na bado akaimba kwaya vizuri. Kwa hiyo kujisikia vizuri si uthibitisho wa kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana tatizo hili, karibu nusu yao hawajui, na ni kama mmoja tu kati ya watano aliyelidhibiti. Isitoshe, baadhi ya dawa, kama klonidini, zikiachwa ghafla presha hupanda kwa kasi.

Tiba nayo imerahisishwa. Mwaka 2019 shirika hilo liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyounganisha dawa mbili za presha, ili mgonjwa ameze kimoja badala ya viwili. Mwongozo wake wa 2021 unakubali wauguzi na wafamasia watoe tiba hiyo, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa na daktari. Huduma inaweza kusogea hadi zahanati ya kijijini.

Wapo watakaosema tunapunguza imani. Hapana. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kuwa neema huyakamilisha maumbile, haiyaondoi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Mpako wa Wagonjwa haumwagizi mtu atupe dawa.

Tena, nyuma ya baadhi ya shuhuda hizo kuna umaskini. Dawa zimekwisha, fedha hakuna, na kusema "nimepona" kuna heshima kuliko kusema "nimeshindwa kununua". Hapo anayepaswa kujibu si mgonjwa, ni sisi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na siku ya kupima presha kila mwezi, na asiwepo kiongozi wa sala anayemwambia mgonjwa aache dawa bila daktari. Tena, msiba ukitokea tunachanga siku hiyo hiyo. Tuchange pia mapema, kwa ajili ya kidonge.