Picha ya Mswada Si Elimu ya Mswada

Twaambiwa kuwa elimu sasa imo intanetini, kila mtu ajichotee. Naikataa kauli hiyo. Chuo cha SOAS, London, kimeweka humo picha za miswada yetu ya kale, na kwa hilo tushukuru. Lakini katika khati zile herufi moja huwa b, p au mb, na irabu moja huwa i au e. Nani atakwambia ipi ndiyo? Ni yule aliyeyapokea mashairi kwa sikio.

Tungo za Muyaka zilikusanywa na kufafanuliwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, W. E. Taylor akazinakili. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, mhariri akatajwa William Hichens. Dhulma ile twairudia leo: mzee hufasiri, mtafiti hurekodi, mtandao husambaza, na jina la mzee hupotea njiani.

Nasema wazi: asiyemtaja mwalimu wake asiitwe mtaalamu. Nasi wa visiwani tusiridhike na kutazama picha. Watoto wetu wafundishwe khati hizo kabla wazijuao hawajatutoka. Wakishaondoka, picha zitabaki, na hatabaki wa kuzisoma.